Begi la Kriketi Kutoka Membley Hadi Landless

Wengi wenu mliniona Jumamosi iliyopita nikitoka lango la mtaa wetu hapa Membley kwa miguu, nimebeba begi refu la kijani, na jioni mkaniona nikirudi na begi lilelile. Tangu hapo sijapumzika. Mmoja ananisimamisha dukani, mwingine ananiuliza kanisani kabla hata hatujasema amina. Acha nieleze mara moja, polepole, namna ninavyowaeleza wanafunzi wangu.

Mnanijua kama mwalimu wa michezo mwenye goti bovu. Wachache wanajua kwamba nilipokuwa kijana, karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha nguo Thika, nilicheza michezo miwili kwa wakati mmoja. Jumamosi raga, Jumapili kriketi. Raga nilitoka nayo shuleni. Nilikuwa mlinzi wa nyuma kabisa, yule ambaye mpira ukipigwa juu ni lazima audake huku watu wazito wakimjia mbio. Kriketi ndiyo iliyokuja kunitafuta. Timu ya wafanyakazi ilikuwa na watu kumi na ilihitaji wa kumi na mmoja. Nahodha akasikia kuna karani ambaye haangushi kitu. Akaja stoo na, bila hata kunisalimia, akanirushia kibiringo cha uzi. Nikakidaka.

"Jumapili saa tatu," akasema, akaenda zake.

Huyo ndiye Wafula, fundi wa mashine kutoka Bungoma, mrefu, mrushaji wa mpira wa kasi kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Kwa miaka minne tulikula sahani moja.

Wafula ndiye aliyetunga sheria ya begi. Vifaa vyote vya timu, magongo, pedi za miguu, glavu na vijiti, vilikaa ndani ya begi moja. Mechi ikiisha, mchezaji aliyefanya kosa kubwa kuliko wote siku hiyo alilibeba kwa miguu hadi nyumbani kwa nahodha, mtaa wa Landless. Hakupanda gari wala hakusaidiwa. Akifika anapewa chai, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kulitaja lile kosa tena. Mechi nyingi zilichezwa hapo hapo Thika, kwa hiyo ilikuwa safari ya saa moja hivi. Nilizoea kuona watu wakiondoka na begi wamenuna, na kurudi kesho yake kazini wakipiga mluzi.

Kosa langu lilitokea Ruiru, na nitalifikia. Kwa sasa jueni tu kwamba siku hiyo zamu ya kubeba begi ilikuwa yangu, na mimi nilitoroka ndani ya gari la marafiki zangu wa raga. Sikurudi kwenye timu. Nikaacha kazi ya kiwanda, nikaenda kusomea ualimu. Kwa miaka ishirini na mmoja sikusema neno na Wafula.

Sasa, Alhamisi iliyopita Mwalimu Nekesa aliingia ofisini kwetu shuleni akiliburuta lile begi. Nekesa ni binti yake Wafula. Tumefundisha pamoja miaka miwili tukisalimiana kwa adabu, kila mmoja akijua na hakuna anayetaja.

"Baba anahama Jumatatu, Mwalimu," akasema. "Anarudi Bungoma kabisa. Ameniambia hili nilitupe, nikaona labda shule italitumia." Kisha akasimama kidogo mlangoni. "Unajua siku ile alilibeba mwenyewe? Kutoka Ruiru mpaka Landless. Alisema sheria ikiachwa siku moja imekufa. Bega lake halikuwahi kupona."

Sikuwa najua. Nilidhani begi lilipakiwa kwenye gari la timu na mambo yakaisha. Niliketi pale nikilitazama, na kabla kengele haijalia nilikuwa nimeamua. Nitalibeba hadi nilipotakiwa kulifikisha, nimfikie kabla ya Jumatatu. Akinifungulia mlango, vizuri. Asiponifungulia, angalau nitakuwa nimegonga.

MEMBLEY HADI MTO RUIRU

Safari ilikwama langoni petu, kabla sijakanyaga barabara.

"Mwalimu, barua iko wapi?" Onchari, askari wetu, aliuliza.

"Barua gani?"

"Ya kuhama. Vitu vya nyumba havitoki hapa bila barua."

"Sihami. Natembea tu."

"Na begi kubwa hivi? Saa kumi na mbili asubuhi?" Akashusha sauti. "Mwalimu, ni Mama Wambui amekufukuza? Niambie tu. Mimi pia nilifukuzwa mwaka juzi, nikarudishwa."

Nilifungua begi. Akatoa pedi moja ya mguu, akaigeuzageuza, akauliza kama ni ya kitanda. Nikamweleza. Akatoa ya pili, nikamweleza tena. Mwishowe alimpigia simu mke wangu, akaweka sauti ya juu nasi tukasikia sote wawili:

"Mwache aende. Akichelewa kurudi, hapo ndipo umfungie."

Nilipofika Ruiru nilipinda kidogo nipite kule uwanja ulikokuwa. Siku hizi ni fleti za ghorofa tano, na nguo zimeanikwa pale tulipokuwa tukinywa chai. Ndiyo, kriketi ina mapumziko ya chai. Kocha wangu wa raga alikuwa akiniuliza kila Jumamosi, "Kesho unaenda kucheza ama unaenda harusini?" Na Wafula kwa upande wake, akiniona Jumapili na jicho limevimba, alikuwa akisema, "Hawa watu wako wa raga, hawana mama zao?" Nilipendwa pande zote mbili, na wala sikujua kwamba hilo ni jambo linaloweza kuisha.

Nilisimama pale mpaka mama mmoja akachungulia dirishani kuuliza nauza nini. Nikavuka mto, nikaanza kuhesabu safari kuanzia hapo.

KIMBO

Kama hamjawahi kula chapati na ndengu pale Kimbo saa mbili asubuhi, mkiwa mmebeba mzigo, kuna kitu mmekosa. Mwenye kibanda anaitwa Mama Shiko. Alilitazama begi, akanitazama mimi, akaongeza ndengu bila kuombwa.

"Unauza dawa ya panya?"

"Hapana. Ni vifaa vya kriketi."

"Haiya! Ile ya Wahindi?"

"Ya Wahindi na yetu pia. Tulikuwa tunacheza kumi na mmoja, na tisa kati yetu walikuwa wanafanya kazi kwenye mashine."

Akataka kujua naenda wapi na begi hilo kwa miguu. Wateja wawili wakaacha kula ili wasikie. Basi nikaeleza, nanyi pia nawaeleza sasa.

Kwenye kriketi, mpigaji akiupiga mpira juu na wewe ukaudaka kabla haujagusa chini, ametoka. Lakini uwanja umezungushiwa kamba. Ukivuka kamba ile ukiwa na mpira mkononi, mpigaji hajatoka, na timu yake inapewa mikimbio sita. Raga ni kinyume chake. Kuna mstari, na kazi yako yote ni kuuvuka na mpira mkononi na kuulaza chini. Ukifanya hivyo, umefunga.

Siku ile wapinzani walibakisha mpigaji mmoja na walihitaji mikimbio mitano. Wafula alirusha mpira wake mzuri kuliko yote niliyoiona. Mpigaji akaupiga juu, juu kabisa, ukaja upande wangu. Niliudaka vizuri. Mechi ilikuwa yetu. Lakini nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kamba, watu wanapiga kelele, na nyuma yangu nasikia miguu ya mwenzangu anayekuja kunikumbatia. Jana yake nilikuwa nimecheza raga dakika themanini. Mwili haukuniuliza. Niligeuka, nikaruka juu ya kamba, nikaulaza mpira kwenye nyasi kwa mikono miwili, nikasimama nimeinua mikono.

Mwamuzi akawapa wapinzani mikimbio sita, na mechi ikaisha.

Mama Shiko alijifuta mikono kwenye aproni. "Kwa hivyo ulishinda mchezo ambao hakuna mtu alikuwa anaucheza."

Wale wateja walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Nikacheka nao. Hata wachezaji wenzangu walicheka siku ile, baadaye. Asiyecheka alikuwa Wafula peke yake. Alikuja taratibu, akaliweka begi mbele yangu bila hasira yoyote, akaenda kunawa uso. Na marafiki zangu wa raga, waliokuja kutazama, walikuwa wananiita kutoka kwenye gari huku wakishikilia mbavu. Nikaliacha begi pale kwenye nyasi, nikaenda kwao. Kudaka na kuvuka kamba, hiyo ni bahati mbaya. Kuliacha begi ndilo kosa.

Mama Shiko alinifungia chapati nne kwenye gazeti. "Mtu haendi kwa mwenzake mikono mitupu."

"Si nina begi?"

"Hiyo ni yake tayari. Sasa peleka kitu chako."

JUJA

Karibu na Juja mkanda wa begi ulikatika na mvua ikaanza, vyote ndani ya dakika moja. Nilikimbilia kibanda cha fundi viatu, mwanamke wa Ukambani anayeitwa Mwende. Mbele yangu kulikuwa na foleni ya viatu vya shule vya ukoo mzima.

"Ngoja, babangu," akasema. "Hivi viatu vina Jumatatu. Begi lako lina haraka gani?"

Nilingoja karibu saa mbili, goti limenyooshwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Goti hili ni la raga. Lilivunjika miezi mitatu baada ya siku ile ya Ruiru, na hivyo nikaachana na michezo yote miwili ndani ya mwaka mmoja, mmoja kwa goti na mwingine kwa aibu. Mwende alishona huku akinihoji, na nadhani alishona polepole makusudi ili hadithi iishe.

"Huyo rafiki anajua unakuja?"

"Hajui."

"Basi hii si ziara. Unaenda kumvizia."

Nikaona amesema kweli. Nikampigia Nekesa, aliyejua nia yangu tangu Alhamisi na sasa alikuwa Landless akimsaidia baba yake kufunga vitu.

"Mwalimu, uko wapi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekimbia. "Baba mdogo amekuja na lori leo. Amepata mzigo mwingine wa kuuwahi kesho. Wanaondoka saa kumi!"

Ilikuwa saa saba kasorobo. Nilisimama, nikaketi tena, goti likaniambia lilivyofikiri.

"Panda gari, Mwalimu," Nekesa akasema. "Tafadhali."

Nilipokata simu nilimweleza Mwende kwamba nikipanda gari, safari yote imekuwa bure, maana sheria ni miguu. Yeye alikata uzi kwa meno.

"Hebu niambie. Unataka kubeba begi ama unataka kumwona mtu?"

"Vyote viwili."

"Sawa. Lakini kimoja kikikataa, kipi kitabaki?"

Alinivalisha begi mgongoni kama mama anayemvalisha mtoto wa chekechea, akavuta mkanda kuhakikisha, akanisukuma barabarani.

JUJA HADI THIKA MJINI

Kipande hiki nakikumbuka vibaya. Nakumbuka daraja la Ndarugu na malori ya mawe yakipanda kutoka machimboni, kila moja likinirushia matope, na dereva mmoja akipiga kelele, "Mzee, unaenda vitani?" Nakumbuka Witeithie na mzee aliyenipa kipande cha nanasi, akanikazia macho mpaka nilipokimaliza. Nakumbuka nikijisemea, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, maneno niliyokuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wanene siku ya mbio za nyika. Sasa najua hayasaidii sana. Nitawaomba msamaha.

Niliingia Thika mjini saa tisa na dakika arobaini. Nilipofika kona ya kuingia barabara ya Garissa, goti lilikataa kabisa. Niliketi juu ya begi kando ya barabara. Landless bado ilikuwa mbali. Nilijaribu kusimama mara mbili.

Mtu wa pikipiki alikuwa akinitazama tangu mwanzo. "Goti limekubali kushindwa," akasema. "Tunangoja wewe."

Nikamkumbuka Mwende na swali lake. Nikapanda. Nawaambia wazi ili msije mkasikia kwa mwingine. Nilitembea kutoka Membley hadi Thika mjini, na kutoka hapo nilibebwa, begi nimelikumbatia kifuani, nikijiona nimetoroka mara ya pili.

LANDLESS

Lori lilikuwa limewashwa. Vitanda, sufuria, kuku wawili ndani ya kreti, kila kitu kilikuwa juu. Wafula alisimama mlangoni mwa nyumba tupu akiwa na ufagio. Mvi zimemjaa. Bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto, na nilipoliona nilitamani kugeuka.

Akalitazama begi. Akamtazama Nekesa. Akanitazama mimi.

"Njoro," akaniita. "Hili begi nimehangaika miaka yote kulitoa hapa nyumbani. Wewe unanirudishia?"

Maneno niliyoyapanga tangu Kimbo yote yaliniponyoka. "Nilitakiwa kulileta," nikasema. "Nimechelewa."

Nikaendelea kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. "Nilikuacha nalo. Sikujua ulilibeba wewe, na bega lako likaumia. Nimetembea kutoka Ruiru, lakini sikumaliza, Wafula. Mjini hapo goti lilikataa, nikapanda pikipiki. Hata leo sikumaliza."

Wafula aliegemeza ufagio ukutani. Aliketi kwenye ngazi ya mlango taratibu, akaweka mkono usoni. Mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikadhani nimemliza mtu mzima mbele ya mtoto wake. Kumbe anacheka.

"Pikipiki," akasema. "Njoro, mimi nilipanda lori."

"Lori gani?"

"La mawe. Nilitembea na hilo begi mpaka Juja. Pale Juja nikaketi chini, nikalia kidogo, nikasimamisha lori la mawe lililokuwa linakuja huku huku Landless kujenga. Na hili bega, mnaloliimba kila siku, sikuumia nikibeba begi. Niliteleza nikishuka kwenye lori."

"Baba!" Nekesa aliita kutoka kwenye dirisha. "Miaka yote?"

"Ningefanyaje? Jumatatu nimeingia kiwandani wamesimama wananipigia makofi. Nahodha ametembea kutoka Ruiru! Sheria ni yangu, nimeivunja mwenyewe, na watu wanapiga makofi." Akanigeukia. "Nilikuwa najua siku moja utakuja kuomba radhi. Na ukija utaniuliza nilipita wapi, nilipumzika wapi. Wewe unapenda kuuliza mambo. Basi nikaona heri usije."

Niliketi kando yake. Nimefundisha miaka mingi, na sijui kama nimewahi kueleweshwa jambo kwa haraka namna ile. Miaka ishirini na mmoja nilikuwa nikimwogopa mtu aliyekuwa akiniogopa mimi.

Nekesa alileta chai ndani ya vifuniko vya chupa za chai, maana vikombe vilikuwa vimeshafungwa. Nikazitoa chapati za Mama Shiko. Zilikuwa zimelowa upande mmoja na kubondeka kwa sababu ya vijiti, na tulizila zote. Baba mdogo alipiga honi mara tatu.

"Ngoja!" Wafula alimpigia kelele. Kisha akalitazama begi lililokuwa miguuni petu, akakunja uso kama alivyokuwa akifanya zamani akipanga wachezaji uwanjani. "Njoro, hebu fikiria. Mimi nilitembea mpaka Juja. Wewe umetembea mpaka mjini. Kati yetu wawili, kutoka mjini mpaka hapa hakuna mtu amelibeba hili begi."

"Hakuna."

"Na lori letu linapita mjini."

"Goti langu, Wafula."

"Si begi lina mikono miwili?"

Begi kweli lina mikono miwili, mmoja kila upande, ingawa katika miaka yote ile hatukuwahi kuitumia pamoja, kwa sababu sheria ilikuwa ni mtu mmoja. Tulitoka hivyo. Nekesa alibeba ufagio na viatu vya baba yake. Lori lilitufuata nyuma polepole, baba mdogo ametoa kichwa nje akituuliza kama tunapeleka mahari. Watu wa Landless walisimama milangoni kumuaga Wafula, na kila aliyeuliza kuna nini ndani ya begi alijibiwa, "Uliza huyu mwalimu, anapenda kueleza." Ilituchukua saa moja na robo. Tulizungumza kuhusu watu waliokufa, kuhusu mahindi, kuhusu wajukuu. Ruiru hatukuitaja. Chai ilikuwa imeshanywewa, na sheria inajulikana.

Kwenye ile kona ya barabara ya Garissa, alipanda lori. Aliniachia begi lote, akasema kupitia dirishani watoto wa shule walitumie mpaka liishe, na kwamba niwafundishe sheria yote, pamoja na sehemu ya mikono miwili.

Ndiyo maana nilirudi nalo, na ndiyo maana nilirudi nikichechemea huku nikipiga mluzi, jambo ambalo Onchari alilitaja langoni kwa wasiwasi mkubwa. Lakini kuna jambo moja sikumwambia Onchari, na nyinyi ndio wa kwanza. Tulipoanza kutoka pale mlangoni, Wafula alisimama upande wa kushoto wa begi, ambako angelazimika kulishika kwa mkono wake wa kulia, ule wa bega bovu. Nilizunguka nyuma yake, nikasimama pale aliposimama, naye akahamia upande ule mwingine. Hakuniuliza kwa nini, nami mara hii sikueleza.